SATA, NVMe au USB: diski yako uichomeke wapi?

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi la diski ni ahadi ya diski peke yake. Kasi utakayoipata ukifika nyumbani inaamuliwa na tundu unalochomekea, waya unaopita katikati na chipu iliyokaa upande wa pili. Kati ya hivyo, kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotawala, na hela uliyoongeza kwa ajili ya vingine imekwenda na maji.

Ndiyo maana swali la "SSD ipi nzuri?" (SSD ni diski ya chipu, isiyo na sahani inayozunguka) huja mapema mno. Linalotakiwa kutangulia ni "mashine yangu inapokea nini?" Mtu anapita Kariakoo au Luthuli Avenue, anauziwa SSD ya NVMe yenye kasi ya megabaiti 7,000 kwa sekunde, anafika nyumbani anaifungua ThinkPad T440 yake ya mwaka 2013, na hana pa kuichomeka. Diski haina kosa. Muuzaji naye aliulizwa ipi inakimbia zaidi, akajibu.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo wengi wetu tunachagua kati yake, yaani SATA, NVMe na USB, na Thunderbolt kidogo kwa wachache wanaoihitaji. Nimeegemea mashine zilizotumika kwa sababu ndizo nyingi mikononi mwetu. Aliyenunua kompyuta mpya mwaka huu hana mengi ya kuhangaika nayo.

Biti si baiti

Watengenezaji wa viunganishi hupima kwa biti. Kompyuta yako, unapohamisha faili, inakuonyesha baiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo USB 2.0 inayotangazwa kwa megabiti 480 ni megabaiti 60 tu kwenye karatasi, na kwa vitendo utaona 35 hadi 40. SATA ya kizazi cha tatu ni gigabiti 6. Ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 750, lakini humo kila biti 8 za data husafirishwa zikiwa 10, hivyo kilele chake ni megabaiti 600. SSD nzuri ya SATA huishia karibu na 550. Ukiona tangazo la "gigabiti 10", gawa kwa 10 kichwani. Utakuwa karibu sana na ukweli.

SATA na NVMe ndani ya kompyuta

SATA ilianza mwaka 2003 kuchukua nafasi ya IDE, ule utepe mpana wa nyaya wenye pini 40 ambao mafundi wa zamani wanaukumbuka pamoja na vijipini vyake vya kuchagua diski ipi mkubwa na ipi mdogo. Ikaanza na gigabiti 1.5, ikaja 3, ikafika 6 mwaka 2009, na kwa diski za nyumbani ikaishia hapo. Ilibuniwa wakati diski zote zilikuwa sahani zinazozunguka, na kwa HDD, yaani hizo diski za sahani, inatosha na kubaki: HDD nzuri ya kompyuta ya mezani husoma megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, ya laptopu hucheza kwenye 100. Hakuna HDD ya kawaida inayoijaza SATA 3.

NVMe ni utaratibu wa mazungumzo kati ya prosesa na SSD, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011. Mazungumzo yenyewe hupita kwenye PCIe, njia zile zile zinazohudumia kadi ya picha. Njia moja ya PCIe 3.0 hupitisha karibu megabaiti 985 kwa sekunde na SSD nyingi hutumia njia 4, kwa hiyo unakaribia 3,900. PCIe 4.0 ni maradufu ya hapo, na 5.0 maradufu tena. Jambo la pili ni foleni. AHCI, utaratibu unaotumiwa na SATA, una foleni moja ya amri 32. NVMe inaruhusu hadi foleni 65,535, na kila moja inabeba maelfu kwa maelfu ya amri. Ni tofauti ya benki yenye dirisha moja na benki ambayo kila mteja anamkuta mhudumu wake akimsubiri.

Kwa hesabu hizo ungedhani hakuna la kujadili. Lipo. Kwa mtu anayeandika barua, anayefungua kurasa za intaneti na kutunza mahesabu ya duka, tofauti kati ya SSD ya SATA na SSD ya NVMe ni ndogo kiasi kwamba ukimfunika macho hatakuambia ipi ni ipi. Hatua kubwa, ile inayomfanya mwenye mashine aseme kompyuta imefufuka, ni ya kutoka HDD kwenda SSD yoyote ile.

Sababu yake inahesabika. HDD ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kipande cha data kinapohitajika, mkono wa kusomea unasogea hadi mahali pake, kisha unasubiri sahani izunguke mpaka kipande kipite chini yake. Kungoja huko peke yake ni wastani wa nusu mzunguko, karibu milisekunde 5.6, na safari ya mkono inaongeza nyingine kadhaa. Mwisho wa siku unapata vipande visivyofika 100 kwa sekunde. Windows inapowaka inataka maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona ya diski. Ndipo unaposikia ule mkwaruzo, taa ya diski haizimi, na mwenye mashine anakwenda kuchemsha chai. SSD ya SATA haina mkono wala sahani. Inasoma makumi ya maelfu ya vipande kwa sekunde. NVMe inasoma mamia ya maelfu, lakini kufikia hapo diski si kikwazo tena. Anayengojewa sasa ni prosesa.

NVMe inalipa pale kazi inapokuwa nzito kweli: kuhariri video, kuendesha kompyuta pepe kadhaa kwa pamoja, hifadhidata zenye watumiaji wengi, kuhamisha mafaili ya makumi ya gigabaiti kila siku. Na kuna hoja ya bei. NVMe za kawaida za PCIe 3.0 na SSD za SATA zimekaribiana sana, mara nyingi unaulizwa hela ile ile. Kwa hiyo kama mashine yako inapokea zote mbili, chukua NVMe bila kujiuliza mara mbili. Kama inapokea SATA tu, usijisikie umepunjwa.

Mtego wa M.2

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea, nami nitakaa kidogo.

M.2 ni umbo la tundu na la kibao. Namba 2280 inamaanisha upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Zipo pia 2230, 2242, 2260 na 22110. Umbo hilo linaweza kubeba SATA, linaweza kubeba NVMe, na hata kadi ya Wi-Fi hutumia ndugu yake. Kwa hiyo mazungumzo ya dukani huwa hivi:

"Kaka, hii M.2 itaingia kwenye HP yangu?"

"Itaingia, bosi. M.2 zote ni moja."

Kuingia, mara nyingi itaingia. Kuonekana na kompyuta ndiyo kazi. Kuna laptopu ambazo tundu lake la M.2 limeunganishwa na SATA peke yake, nyingine na PCIe peke yake, na nyingine zinapokea vyote. Ukiweka SSD ya SATA kwenye tundu la PCIe peke yake, skrubu itafunga vizuri, mashine itawaka, na diski haitaonekana popote. Hakuna kilichoungua, hazielewani tu.

Ishike SSD uangalie ncha yenye pini za dhahabu. Ikiwa na pengo moja karibu na ukingo mmoja, huo ni ufunguo wa M, na karibu kila mara ni NVMe ya njia 4. Ikiwa na mapengo mawili, moja kila upande, huo ni B pamoja na M, na mara nyingi ni SATA, ingawa NVMe za bei ya chini zenye njia 2 pia zimetengenezwa hivyo. Kwa hiyo mapengo yakupe wazo, halafu karatasi iliyobandikwa juu ndiyo ithibitishe. Ikiandikwa "NVMe" au "PCIe", umemaliza. Ikiandikwa "SATA" au "6Gb/s", umemaliza vilevile. Isipoandikwa chochote, irudishe.

Kwa upande wa mashine, usikisie kwa mwaka wala kwa jina la kampuni. Tafuta mwongozo wa ukarabati wa modeli yako kamili, ule unaowekwa bure na watengenezaji wakubwa, usome sehemu ya diski. Utakuta mambo ambayo hata muuzaji hayajui. Chukua ThinkPad T480, laptopu inayopendwa sana kwenye soko la zilizotumika. Nafasi yake ya diski ya inchi 2.5 inapokea SATA kwa waya mmoja, au NVMe kwa waya mwingine na kibebeo chake. Lakini NVMe hapo inapewa njia 2 za PCIe 3.0. Ile SSD yako ya 7,000 haitazidi 2,000 humo hata ukiisomea dua. Nunua ya kawaida, chenji ongezea RAM.

Mashine za zamani zaidi zina shida nyingine: hata ukitumia kadi ya kugeuza ili NVMe ichomeke kwenye tundu la PCIe la kompyuta ya mezani, BIOS (programu ya kwanza inayoamsha mashine) ya kabla ya mwaka 2014 hivi kwa kawaida haijui kuwasha mfumo endeshi kutoka kwenye NVMe. Itaiona kama diski ya kuwekea vitu, basi. Windows 7 nayo haikuja na dereva wa NVMe, ile programu ya kuzungumza na kifaa. Kwa mashine za umri huo, SATA ndiyo jibu, na ni jibu zuri. Hata zile za ubao mama wenye chipu ya Intel H61, ambazo matundu yote ni SATA ya gigabiti 3, zinapowekewa SSD hubadilika kabisa, ijapokuwa kilele chake ni karibu megabaiti 270. Kumbuka kilichokuwa kinakutesa: vipande vidogo, si mafaili makubwa.

Laptopu za enzi hizo zina faida moja ambayo mpya hazina, nayo ni nafasi ya DVD. Ipo fremu ya bei nafuu inayochukua mahali pa DVD na kubeba diski ya pili. SSD inakaa mahali pa diski kuu, HDD ya zamani inahamia kwenye fremu na kutunza mafaili. Pima unene kabla ya kununua, kwa sababu fremu ni za milimita 9.5 au 12.7 na hazibadilishani.

Joto nalo lisisahaulike. NVMe ya kasi ikifanya kazi mfululizo hupata moto, na ikifika kiwango fulani inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwenye chumba kisicho na kiyoyozi Dar au Mombasa mwezi wa Februari, ndani ya laptopu nyembamba, kiwango hicho hakiko mbali. Ukikuta kibati cha kupoozea kwenye tundu, kirudishe unapobadilisha SSD. Mafundi wengine hukiacha mezani.

USB: jina moja, kasi nyingi

USB ilizaliwa mwaka 1996 kwa ajili ya vipanya, kibodi na printa, na kwa kazi hizo USB 2.0 ya mwaka 2000 inatosha hadi leo. Kipanya hakiendi haraka zaidi kwa kuchomekwa kwenye tundu la bluu, lile la USB 3.0. Matundu meusi yape vifaa hivyo, ya bluu yaachie diski.

Kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo. Vifaa vya USB 3.0 vikifanya kazi hutoa kelele ya redio inayogusa masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya vipanya visivyo na waya. Intel yenyewe iliandika kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Ukiona kipanya kinaanza kurukaruka kila unapochomeka diski ya nje jirani na kile kipokezi chake kidogo, usikimbilie kununua betri. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu.

Kwenye diski, tatizo la USB ni majina. Mwaka 2008 ilikuja USB 3.0 ya gigabiti 5. Mwaka 2013 ikaja ya 10, ikaitwa USB 3.1, na ile ya 5 ikabatizwa upya kuwa USB 3.1 Gen 1. Mwaka 2017 ikaja ya 20, ikaitwa USB 3.2, na zote za nyuma zikabatizwa tena. Matokeo yake, kasha la diski ya nje lililoandikwa "USB 3.2" linaweza kuwa la gigabiti 5, 10 au 20, na muuzaji hajakudanganya. Tangu mwaka 2022 wenye kiwango hicho wanataka iandikwe kasi tu. Tafuta namba ya gigabiti, jina liache. Ile ya 20 usiilipie ziada, kwani kompyuta zinazoikubali ni chache, na penginepo inashuka hadi 10.

Halafu kuna USB-C, ambayo watu wanaidhani ni kasi. USB-C ni umbo, kama ilivyo M.2. iPhone 15 ya mwaka 2023 ina tundu la USB-C linalokwenda kwa megabiti 480, kasi ya mwaka 2000, huku iPhone 15 Pro yenye tundu linalofanana nalo kabisa ikienda kwa gigabiti 10. Nyaya ndizo mbaya zaidi. Waya wa USB-C uliokuja na simu au chaja karibu kila mara ni wa USB 2.0: unachaji vizuri, unahamisha data kwa 40. Mtu ananunua SSD ya nje, waya wake unapotea, anaazima wa chaja, kisha anasema SSD imechoka. Waya uliokuja na diski uwekee alama ya wino ukae na diski yake.

Kwenye umbo la zamani la A, kuna kipimo kisichodanganya kama rangi. Chungulia ndani ya ncha ya flashi au ya waya. USB 2.0 ina pini 4 bapa. USB 3 ina hizo 4 na nyuma yake, ndani zaidi, nyingine 5 ndogo. Plastiki ya bluu mtu yeyote anaweza kuimimina. Pini 5 za nyuma zinagharimu. Hata hivyo, flashi yenye pini zote 9 bado inaweza kuandika kwa megabaiti 15 tu, kwa sababu memori iliyomo ndani ni ya bei ya chini. Flashi ni ya kubebea nyaraka na kuwekea mfumo wa kusimika. Kuhifadhi kazi ya mwaka mzima humo ni kucheza bahati nasibu.

Umeme pia unapitia humo humo. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900. HDD ya nje ya inchi 2.5 inapoanza kuzungusha sahani inaweza kuhitaji zaidi ya hizo 500, ndipo unasikia "tik... tik..." na diski haionekani. Watu hukimbilia kusema imekufa. Ihamishe kwanza kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, lile lililo moja kwa moja kwenye ubao mama, au tumia habu yenye adapta yake ya umeme. HDD kubwa ya inchi 3.5 inataka volti 12, kwa hiyo haitawaka kwa USB ya kawaida bila adapta yake, hata ubembeleze.

Kwa anayetengeneza diski ya nje mwenyewe, kwa kununua kasha na kuingiza SSD yake, chipu ya ndani ya kasha ndiyo ya kuuliza. JMS583 na ASM2362 zinapokea NVMe peke yake. RTL9210B inapokea NVMe na SATA zote, na kwa fundi au mtu anayeokoa data za laptopu zilizokufa hiyo inafaa zaidi, kwa sababu hujui kesho utaletewa M.2 ya aina gani. Hakikisha pia kasha linatumia UASP, utaratibu unaoruhusu amri nyingi kwa mpigo. Ule wa zamani unatuma moja, unangoja, unatuma nyingine.

Video ya harusi, gigabaiti 100

Mpiga video amemaliza harusi na ana gigabaiti 100 za kuhamishia diski ya nje. Kwa kasi za vitendo, mambo yanakuwa takriban hivi:

| Njia | Megabaiti kwa sekunde | Muda |
|---|---|---|
| USB 2.0, diski yoyote | 35–40 | dakika 45 |
| HDD ya nje, USB ya gigabiti 5 | 100 | dakika 17 |
| SSD ya SATA, USB ya gigabiti 5 | 430 | dakika 4 |
| NVMe, USB ya gigabiti 10 | 1,000 | dakika 1 na sekunde 40 |
| NVMe, Thunderbolt 3 au 4 | 2,800 | sekunde 36 |

Jedwali linavutia, lakini lina sharti: chanzo nacho kiwe na kasi hiyo. Kadi ya SD ya kamera ya aina ya UHS-I, kwenye kisomaji cha kawaida, haivuki megabaiti 104 kwa sekunde. Akihamisha moja kwa moja kutoka kwenye kadi, gigabaiti 100 zitachukua kama dakika 18, awe na HDD nzuri ya nje au NVMe ya Thunderbolt. Vivyo hivyo kama laptopu yenyewe ina HDD ndani. Diski ya nje ya kasi inamlipa pale anapohariri moja kwa moja kutoka humo, au anapohamisha kati ya SSD mbili. Na SSD za bei ya chini zina hila yake: gigabaiti za mwanzo zinaingia mbio, kisha akiba ya haraka inajaa na kasi inaporomoka, wakati mwingine chini ya ile ya HDD. Anayehamisha 100 kwa mpigo ataliona hilo. Anayehamisha 5 hataliona maisha yake yote.

Thunderbolt yenyewe ilianza kwenye MacBook Pro mwaka 2011 kwa gigabiti 10, na tangu toleo la 3 la mwaka 2015 inatumia umbo la USB-C; matoleo ya 3 na 4 ni ya gigabiti 40. Mara nyingi utaitambua kwa alama ya radi kando ya tundu. Ni nzuri sana na ni ghali, makasha yake hasa. USB4 ya toleo la kwanza inafika 40 pia, ila kiwango kinaruhusu mtengenezaji kuishia 20, kwa hiyo soma. Kwa asiyehariri video za 4K kila wiki, ni fedha iliyolala.

Neno dogo kuhusu SAS, kiunganishi cha diski za seva, kwa kuwa diski zake huuzwa rahisi zikitoka kwenye seva za zamani. Kiunganishi chake kinafanana na cha SATA, ila pale SATA ina pengo kati ya data na umeme, SAS imezibwa. Diski ya SATA inaingia kwenye seva ya SAS. Diski ya SAS haiingii kwenye kompyuta ya kawaida, na hakuna adapta ya bei ndogo itakayolibadilisha hilo. Bei yake ndiyo hiyo kwa sababu hiyo.

Ningechagua hivi

Laptopu ya kati ya 2010 na 2015 yenye HDD: SSD ya SATA ya inchi 2.5, gigabaiti 240 au 480, na usifikirie zaidi. Laptopu ya 2018 na kuendelea yenye tundu la NVMe: ya PCIe 3.0, au 4.0 kama bei ni ile ile. PCIe 5.0 waachie wenye kazi zake, ina joto na hutaihisi. MacBook nyingi za miaka ya karibuni SSD imeungwa kwenye ubao wenyewe, hakuna cha kubadilisha. Hapo nguvu zote ziende kwenye diski ya nje.

Kompyuta ya mezani ya ofisi ningeipa SSD ndogo ya mfumo na HDD ya SATA ya terabaiti kadhaa kwa mafaili. HDD bado ni rahisi kwa kila gigabaiti, na kwa akiba ya kuweka kabatini ina faida ambayo watu hawaitaji: SSD iliyochakaa ikikaa muda mrefu bila umeme mahali penye joto inaweza kuanza kupoteza data. Mashine ya kurekodi kamera za usalama nayo ni ya HDD, haina mjadala. Mpiga video achukue NVMe kwenye kasha la gigabiti 10 kwa kazi ya wiki, na HDD mbili za akiba zisizokaa nyumba moja.

Jihadhari na "SSD za nje" za terabaiti 8 au 16 zinazouzwa kwa bei ya flashi. Ukifungua nyingi ya hizo unakuta kadi ya microSD imebandikwa kwa gundi juu ya kibao cha USB 2.0, na chipu imefundishwa kudanganya ukubwa. Mafaili yanaonekana kuingia, ila kinachozidi ukubwa halisi kinafutwa au kuandikwa juu ya kingine. Programu za bure H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac hujaza diski yote kisha huisoma tena; zinachukua muda, na zinatoa jibu.

Kwa diski ya ndani, fungua CrystalDiskInfo uangalie mstari wa njia ya kuhamishia data. Utaona mambo mawili yamegawanywa na mstari wima, kwa mfano SATA/300 | SATA/600, au PCIe 3.0 x2 | PCIe 4.0 x4. Cha kushoto ndicho unachopata sasa, cha kulia ndicho diski inachoweza. Vikitofautiana kwenye kompyuta ya mezani, zima, hamishia waya kwenye tundu jingine la SATA, washa na usome tena. Bodi nyingi za zamani zina matundu mawili tu ya gigabiti 6, na mara nyingi yana rangi tofauti na mengine. Kwenye laptopu, kwa kawaida hapo ndipo mwisho wa mashine yenyewe.